Kampuni ya madeni inanidai kodi ya nyumba niliyohama: nilipe au nisilipe?

SWALI

Jambo kaka. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Fort Worth, Texas. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa hapa. Mwisho wa Mei tulihama apatimenti tuliyokaa miaka mitatu, tukapata nyumba kubwa kidogo. Mwezi wa nne nilipita ofisini nikamwambia yule dada wa ofisi kwamba tunahama, akasema sawa. Funguo tulirudisha. Sasa Agosti hii imekuja barua ya kampuni nisiyoijua, inasema nadaiwa dola 3,317.50. Mtu wao anapiga simu mpaka kiwandani kwa msimamizi wangu, na juzi alimpigia mzee wa kanisa letu akamwambia nimekimbia deni. Mimi mwenyewe aliniambia nisipolipa kufikia Ijumaa atatuma polisi, na uraia niliouomba utakataliwa. Mzee wa kanisa anasema dawa ya deni ni kulipa. Nina dola 900 nilizojiwekea. Nimpe hizo anyamaze? Na shemeji yangu, aliyesaini mkataba pamoja nasi, naye ataguswa?

JIBU

Mama, hizo dola 900 zibaki mahali zilipo. Usimpe hata dola 20 wiki hii. Huenda kuna kiasi unachodaiwa kweli, na huenda kuna siku utalipa, lakini hujafika huko bado. Mtu anayetaka pesa kabla ya Ijumaa kwa kukutisha hatanyamaza ukimpa 900. Atajua kwamba ukitishwa unatoa, na Jumatatu atapiga tena kudai zile 2,417.50 zilizobaki.

Nianze na hofu, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kusoma barua akaielewa. Kodi ya nyumba isiyolipwa, huko Marekani, ni jambo la madai kati ya mtu na mtu. Si jinai. Hakuna polisi atakayekuja kukukamata kwa ajili yake, na hakuna jela ya mpangaji aliyebaki na deni. Kuhusu uraia, fomu ya kuuomba, N-400, inauliza kama unadaiwa kodi za serikali na kama umetelekeza watu unaopaswa kuwatunza. Haiulizi kama uligombana na mwenye apatimenti. Mkusanya madeni hana mlango wowote wa kuingilia kwenye faili lako la uhamiaji. Kitendo chenyewe cha kukutishia polisi na uraia kinakatazwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inayowabana wakusanya madeni, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, FDCPA. Kwa hiyo aliyevunja sheria katika simu ile ni yeye. Andika leo, kabla hujasahau: tarehe, saa, namba iliyopiga, jina alilojiita, na maneno aliyosema kwa kadiri unavyoyakumbuka. Daftari la shule la mtoto linatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Sasa ichukue ile barua. Tafuta ndani yake tarehe ya mwisho ya kupinga deni. Kampuni ya kukusanya madeni inapowasiliana nawe mara ya kwanza, inapaswa kukupa maelezo ya deni papo hapo au ndani ya siku 5: nani anadai, kiasi gani, kimetokana na nini, na mpaka lini unaweza kulipinga. Una siku 30 tangu kupokea maelezo hayo, na tarehe ya kufunga huwa imeandikwa kwenye barua yenyewe. Tarehe hiyo ndiyo ya kuizungushia wino mwekundu. Ijumaa aliyokutajia kwenye simu ameibuni mwenyewe.

Ukipinga kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, kampuni inalazimika kusimamisha udai mpaka ikuletee uthibitisho. Ukipinga kwa mdomo kwenye simu, kinga hiyo huipati. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Sisi tumelelewa kumaliza mambo kwa kuzungumza: unakwenda, unaketi, unaeleza, mnaelewana, imekwisha. Huko, ulichokisema ofisini mwezi wa nne hakipo, na utakachosema kwenye simu kesho hakitakuwepo pia, isipokuwa kile kitakachokuumiza, maana simu zao nyingi hurekodiwa. Ukisema kwenye simu "najua nadaiwa, nivumilie tu", umekiri deni ambalo hujalihesabu. Basi akipiga tena, sema sentensi moja: "Nitawajibu kwa barua." Kisha kata. Hiyo haivunji adabu, mama, hata kama moyo utakusuta.

Barua iandikwe kwa Kiingereza, iwe fupi. Usieleze habari ya kambi, ya watoto wala ya kazi. Ukiisimulia maisha kampuni, unaipa mahali pa kukushikia. Maneno yake kwa Kiswahili yangekuwa hivi, na anayekutafsiria asiongeze kitu:

"Tarehe fulani. Kwa kampuni fulani. Kumbukumbu namba fulani, kama ilivyo kwenye barua yenu. Ninapinga deni hili lote. Nileteeni uthibitisho wake, pamoja na nakala ya mkataba niliosaini, hesabu ya malipo yangu ya miezi yote, orodha ya makato yaliyofanywa kwenye depoziti yangu, risiti za ukarabati mnaodai, na tarehe ambayo mpangaji mwingine aliingia katika nyumba hiyo. Msinipigie simu kazini; mwajiri wangu haruhusu. Msiwasiliane na mtu mwingine yeyote kuhusu jambo hili. Niandikieni kwa anwani hii."

Saini, piga picha barua na bahasha, peleka posta kama barua ya rejista yenye kadi ya kupokelewa (pale posta sema "certified mail, return receipt"). Itakugharimu dola chache. Risiti ya posta ibandike kwenye lile daftari.

Neno moja kuhusu mtafsiri. Wengi huwapa kazi hii watoto, kwa sababu wao Kiingereza wanakijua. Nakusihi usimpe mwanao. Mtoto wa miaka 13 akisoma kwamba mama anadaiwa dola elfu tatu, halali usiku, na hana namna ya kujua neno lipi ni la kisheria na lipi ni la vitisho. Fort Worth mnahudumiwa na Legal Aid of NorthWest Texas. Ni msaada wa kisheria usiotoza ada kwa wenye kipato kidogo. Ukipiga simu, taja kwanza kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, kisha eleza shida yako. Ukiwa na samansi, yaani wito wa mahakama, au tarehe ya kufunga iliyo karibu, sema hilo mwanzoni kabisa, maana ndilo linalowafanya wakuweke mbele.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Umenitumia picha ya ukurasa wa pili wa barua, nami nimeisoma mstari kwa mstari. Wanadai kodi ya Juni, dola 1,150. Wanadai ada ya kumtafuta mpangaji mwingine, dola 977.50. Zulia, 640. Usafi, 250. Gharama ya kukusanya deni, 300. Jumla ni hizo 3,317.50. Depoziti yako ya dola 400, ile dhamana uliyoweka mlipoingia, haionekani popote, si kwa kujumlisha wala kwa kutoa.

Kodi ya Juni ndiyo mstari wenye nguvu zaidi upande wao, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wewe uliondoka mkataba ulipoisha, na ulitoa taarifa. Kwa akili ya kawaida hudaiwi. Lakini mikataba mingi ya apatimenti Texas inataka taarifa ya kuhama iwe ya maandishi, na mara nyingi siku 60 kabla, hata kama mkataba wenyewe unafika mwisho. Usipoandika, mkataba hujiendeleza mwezi hadi mwezi. Yule dada wa ofisi alipokwambia sawa, huenda alikuwa na nia njema, huenda sasa hayupo hata kazini. Utafute mkataba wako, uangalie kipengele cha kuhama kinasemaje. Na upekue simu yako: je, uliwahi kuwatumia ujumbe, au kuandika kwenye ile programu ya kulipia kodi, hata mstari mmoja kuhusu kuhama? Je, walikutumia ujumbe wa kukupangia siku ya kukagua nyumba au kurudisha funguo? Ujumbe wa namna hiyo wa mwezi wa nne au wa tano unaonyesha kwamba walijua, na unaweza kuupindua mstari huu wote.

Hata kama taarifa yako itahesabiwa kuwa haikutimia, bado hawawezi kuketi na nyumba tupu wakikuhesabia wewe. Sheria ya nyumba ya Texas, kifungu 91.006, inamtaka mwenye nyumba ajitahidi kupunguza hasara yake mpangaji anapoondoka, yaani atafute mpangaji mwingine kama ambavyo angetafuta siku yoyote. Kipengele chochote cha mkataba kinachokuondolea haki hiyo ni batili. Umeniandikia pia kwamba jirani yako wa zamani, mama wa ghorofa ya chini, aliona familia nyingine ikishusha magodoro wiki ya pili ya Juni. Mama huyo ni shahidi wako! Mwombe aandike tarehe anayoikumbuka, na kama alipiga picha yoyote siku hizo ya watoto wakicheza pale nje, hiyo nayo ina tarehe ndani yake. Kama watu waliingia tarehe 10 Juni wakaanza kulipa, kukudai wewe mwezi mzima ni kukusanya kodi mara mbili kwa chumba kimoja.

Ada ya kumtafuta mpangaji mwingine, hizo 977.50, ni asilimia 85 kamili ya kodi yako. Kiwango hicho kimo katika mikataba mingi ya Texas. Kinatozwa mtu anapovunja mkataba au asipotoa taarifa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo mstari huu umefungwa pamoja na ule wa kwanza: taarifa yako ikikubalika, inaanguka yote miwili. Isipokubalika, hapa kuna nafasi ya kubishana, kwa sababu ada hiyo inapaswa kufidia gharama halisi za kumtafuta mtu, na nyumba iliyopata mtu ndani ya siku 10 haikuwagharimu sana.

Zulia na usafi ni habari nyingine. Mwenye nyumba Texas haruhusiwi kukata wala kukudai kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Zulia lililokanyagwa na familia ya watu sita kwa miaka mitatu litachakaa. Hilo si uharibifu. Kama palikuwa na doa la mafuta ya kupikia au palipoungua pasi, hapo kuna la kujibu, lakini hata hapo hawawezi kukutoza bei ya zulia jipya kwa zulia ambalo lilikuwa kuukuu siku mnaingia. Mlijaza ile karatasi ya hali ya nyumba mlipopewa funguo mara ya kwanza? Familia nyingi huirudisha tupu kwa sababu ya uchovu wa safari na Kiingereza kingi. Kama mliijaza, itafute. Na picha yoyote mliyopiga siku ya kuhama, hata ile ya kuwatumia ndugu Kigoma kuwaonyesha mnahama, itunze.

Depoziti nayo ina kanuni yake. Mwenye nyumba ana siku 30 baada ya wewe kuondoka kukurudishia depoziti au kukupa orodha ya alichokata. Lakini wajibu huo unaanza kumbana pale unapompa anwani yako mpya kwa maandishi. Naona kwenye barua uliyoniandikia kwamba hukumwachia. Haki yako haijapotea kwa kosa hilo. Mwandikie sasa mwenye apatimenti, barua ya pili tofauti na ile ya kampuni, umpe anwani na umtake orodha ya makato. Atajaribu kusema kwamba sheria inamruhusu kutotoa orodha kwa mpangaji aliyeondoka na deni la kodi. Ruhusa hiyo ipo, ila ni pale tu ambapo hakuna ubishi juu ya kiasi cha kodi. Wewe unabisha, na barua yako ya rejista ndiyo inayoonyesha kwamba unabisha. Anayeng'ang'ania depoziti kwa nia mbaya anaweza kuamriwa na mahakama kulipa dola 100, na juu yake mara tatu ya kiasi alichozuia bila haki, pamoja na gharama za wakili.

Zile dola 300 za gharama ya kukusanya: kampuni hairuhusiwi kuongeza hata senti juu ya deni kama mkataba uliousaini hauitaji au sheria haiiruhusu. Ndiyo maana barua yako inadai nakala ya mkataba. Kama kipengele hicho hakimo, dola 300 hizo zimeondoka.

Kwa hiyo, mama, mzee wa kanisa hakukosea. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini hesabu hiyo, ikipekuliwa, inaweza kushuka mpaka siku 10 za Juni kutoa depoziti ya dola 400. Kodi ya siku 10 kwa 1,150 ni kama dola 383. Ukitoa 400, wao ndio wanaobaki na pesa yako mkononi, na wewe ndiye unayewadai. Sisemi ndivyo itakavyokuwa, kwa kuwa mkataba sijauona. Nasema tu kwamba kati ya 3,317.50 na sifuri kuna mahali ukweli ulipo, na hakuna mtu aliyewahi kupatafuta.

Turudi kwa huyu mpiga simu, kwa sababu alichofanya ni kikubwa kuliko unavyodhani. Mkusanya madeni haruhusiwi kumwambia mtu mwingine habari za deni lako, isipokuwa mume au mke wako, wakili wako, na wachache wengine waliotajwa na sheria. Anaweza kumpigia mtu wa nje kuuliza tu unapatikana wapi, kwa kawaida mara moja, bila kutaja deni. Kumwambia mzee wa kanisa kwamba umekimbia deni ni uvunjaji wa wazi kabisa. Najua ulivyojisikia siku ile. Kwa watu wetu, jina la mtu kanisani ni mali kuliko pesa iliyo benki. Mwombe mzee aandike kwa mkono wake alichoambiwa na lini, kisha asaini. Kazini pia, ukishawaandikia kwamba mwajiri haruhusu, wakipiga tena wamevunja sheria. Nyumbani hawapaswi kupiga kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Tangu mwisho wa Novemba 2021 kuna kanuni pia inayohesabu kupiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja kuwa ni usumbufu.

Kwa makosa hayo unaweza kuishtaki kampuni ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kukupa mpaka dola 1,000 hata kama hukuthibitisha hasara, kuongezea hasara uliyopata kweli, na ukishinda ada ya wakili wako inalipwa na wao. Ndiyo maana wapo mawakili wanaochukua kesi hizi bila kumtoza mteja. Wapeleke wale wa msaada wa kisheria lile daftari. Malalamiko pia unaweza kuyapeleka bure kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa Texas na kwa CFPB, ile ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Lakini malalamiko hayo hayachukui nafasi ya barua ya kupinga. Barua kwanza.

Jambo jingine: hakikisha kwanza kwamba kampuni hiyo ipo. Kuna matapeli wanaonunua majina na namba za watu wakajifanya wakusanya madeni. Texas inamtaka mkusanya madeni aweke dhamana ya dola 10,000 kwa ofisi ya Secretary of State, yaani ya katibu wa jimbo, na orodha yao inaweza kutazamwa. Mtu anayetaka umlipe kwa kadi za zawadi za dukani, au kwa kurusha pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ni mwizi, hata kama analijua jina lako lote na apatimenti uliyokaa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko simu zote ni karatasi. Wakiona huogopi, wanaweza kwenda mahakamani, na kwa kiasi hiki itakuwa mahakama ya Justice of the Peace, inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Mtu atakuja mlangoni na samansi. Ipokee. Usijifiche, usimwambie mtoto aseme haupo. Tangu siku hiyo una siku 14 za kujibu kwa maandishi, na usichanganye siku hizo na siku ya kusikilizwa kesi. Jibu linaweza kuwa la mkono, la mistari miwili: nakanusha madai yote, na anwani yangu ni hii. Kuliwasilisha hakutozwi ada. Watu wengi wanaoshindwa kesi za namna hii wanashindwa kwa sababu hawakujibu kabisa. Hakimu anatoa hukumu ya upande mmoja, na deni ambalo lingepunguzwa linathibitishwa lote pamoja na gharama. Hukumu hiyo Texas inaishi miaka 10 na inaweza kuhuishwa.

Ukiwa na hukumu juu yako, Texas hawawezi kukata mshahara wako kiwandani kwa deni la namna hii. Katiba ya jimbo inazuia. Lakini mshahara ukishaingia benki, kinga hiyo inaisha, na akaunti inaweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama. Pesa za SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo) na za Social Security (pensheni ya serikali) zinazoingia moja kwa moja zina ulinzi wake wa shirikisho, kwa hiyo kama bibi yuko nyumbani na anapokea SSI, zisichanganywe na mshahara wako kwenye akaunti moja. Ndugu zetu walio Kentucky, Ohio na majimbo mengine mengi wasome kwa uangalifu: huko mshahara hukatwa, na sheria ya shirikisho inaruhusu mpaka robo ya kile kinachobaki baada ya makato ya lazima.

Ikitokea uthibitisho umekuja na kweli kuna kiasi unachodaiwa, hapo zile dola 900 zina kazi. Kampuni nyingi hukubali pungufu ikilipwa kwa mkupuo. Anza chini. Lakini kabla senti haijatoka, wakuandikie kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, kwako na kwa kila aliyesaini mkataba. Lipa kwa mani oda, ubaki na kipande chake. Usiwape namba ya akaunti yako ya benki wala ruhusa ya kukata kila mwezi. Baada ya hapo waombe barua ya kumaliza deni, uitunze pamoja na vyeti vya watoto. Deni lililofika kwa wakusanyaji linaweza kukaa kwenye ripoti yako ya mikopo, ile rekodi ya jinsi unavyolipa madeni, kwa takriban miaka 7, na mwenye nyumba mwingine akiliona utahitaji kumwonyesha barua hiyo. Ripoti unaweza kuziomba bure kila wiki kutoka kwa kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, kwenye annualcreditreport.com. Ukikuta wameandika deni usilolikubali, lipinge huko pia kwa maandishi. Wana siku 30 za kuchunguza.

Shemeji yako, ndiyo, anaguswa. Mkataba mliousaini pamoja kwa kawaida unamfanya kila mmoja awajibike kwa deni zima. Wanaweza kumfuata yeye peke yake na kukuacha wewe, hata kama alihama mwaka mmoja kabla yenu, kama jina lake halikuondolewa kwa maandishi. Barua yako haimkingi. Mpigie leo, umwulize kama naye amepokea barua, na tarehe ya kwake ni ipi. Aandike yake, kwa jina lake, na risiti yake ya posta. Kama hajapokea kitu, aangalie ile anwani ya zamani, maana huenda barua yake imelala kwenye sanduku la nyumba ambayo hakai tena.